Jemani wa Mwalimu: amekaa au amesimama?

Nilimpa shikamoo kwenye simu, hakuitikia. Alisema tu, "Dokta, njoo unitazamie huyu mnyama. Nimeibiwa."

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, msimu wa korosho umeshachanganya, na Mtwara nzima ilikuwa haizungumzii kitu kingine ila mnada na bei. Mwalimu (mtaa mzima wa Magomeni unamwita hivyo, ingawa alistaafu kitambo) ana mikorosho yake upande wa Naliendele. Msimu uliotangulia aliibiwa magunia mawili kwenye kibanda cha shambani. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam akamshauri aache kuhangaika na mbwa koko, atafute Jemani Shepadi. Wakampata muuzaji kwa simu, picha zikatumwa, laki tisa ikatumwa, na kitoto cha mbwa kikasafiri zaidi ya kilomita 500 kwa basi ndani ya kreti, kikiwa na bahasha ya plastiki iliyobandikwa juu: vyeti vya ukoo, vizazi vitatu, majina marefu ya Kijerumani. Wakamwita Bosi.

Sasa Bosi alikuwa na miezi 14. Asubuhi ile nilipofika, kirikuu cha kwenda shamba kilikuwa kimeegeshwa mbele ya nyumba, bodi la nyuma limeshushwa. Mlinzi wa shamba, mtu wa Newala, alikuwa amekuja na mbwa wake wa kienyeji, mwekundu wa udongo, mkia umejikunja. Yule wa kienyeji aliangalia gari mara moja tu, akaruka kama mbuzi, akajilaza juu ya magunia matupu. Bosi aliweka miguu ya mbele kwenye bodi, akasukuma. Miguu ya nyuma ikatetemeka. Akasukuma tena, kisigino kikayumba nje, akateremka taratibu, akamtazama Mwalimu kama mtoto aliyeshindwa hesabu ubaoni.

Mlinzi hakujizuia. "Mwalimu, samahani. Huyu wako hapo amekaa au amesimama?"

Swali lile lilikuwa la mzaha, lakini ndilo kisa chote. Bosi alikuwa amesimama. Mgongo wake ulianzia juu mabegani ukashuka hadi matakoni kama paa la kibanda, na miguu ya nyuma imekunjika chini ya mwili. Watoto wa mtaa walikuwa wameshampa jina lingine, Fisi. Kusini hapa jina hilo halitolewi bure. Fisi na mambo ya usiku ni ndugu, na mama mmoja jirani alikuwa ameshauliza, nusu kwa kucheka, Mwalimu anafuga nini hasa humo ndani. Huyo huyo mama ana ndoo yake ya mchanga karibu na bomba, maana mbwa akimlamba anaosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa. Bosi anapenda sana kulamba watu.

Mwalimu alikuwa na ushahidi. Mjukuu wake alikuwa ametafuta kwenye simu na kupata picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mbwa wa mwaka 1899. Mbwa yule ana mgongo unaokaribia kunyooka, miguu ya nyuma imesimama chini yake, mwili mwepesi. Akaiweka simu mbele ya uso wangu. "Huyu ndiye jemani. Huyu wangu ni chotara wa jemani na sijui nini. Nataka uandike barua yenye mhuri kwamba si mbegu halisi, nidai fedha yangu."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kuwa ngumu, kwa sababu picha ilikuwa ya kweli na vyeti navyo, kwa kadiri nilivyoweza kuona, vilikuwa vya kweli.

Nilimwomba kwanza tukae barazani. Yule mbwa wa kwenye picha namfahamu. Aliitwa Hektor Linksrhein, na ofisa wa farasi wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimwona kwenye maonesho ya mbwa mjini Karlsruhe mwezi Aprili 1899, akamnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath. Tarehe 22 mwezi ule ule akaanzisha chama cha wafugaji, na Horand akaandikwa namba moja kwenye daftari la ukoo. Kabla ya hapo Ujerumani ilikuwa na mbwa wachunga kondoo wa kila namna, kila eneo na wake: wengine masikio yamesimama, wengine yameanguka, wengine manyoya marefu. Alichofanya von Stephanitz ni kuchagua baadhi, kuwapandisha wao kwa wao, na kusema: kuanzia leo hii ndiyo mbegu.

Nikamwambia Mwalimu, Boma la Mikindani lilijengwa mwaka 1895. Kwa hiyo lile jengo, ukiliona pale juu linapotazama ghuba, lina umri wa miaka minne zaidi ya mbegu yote ya jemani duniani. Alinyamaza kidogo. Watu wengi wanadhani jemani ametoka hivyo kwenye safina ya Nuhu. Jemani ni kazi ya kamati, na kamati hubadilisha mawazo.

Na ilibadilisha mapema kuliko watu wanavyodhani. Lawama za mgongo wa kushuka kwa kawaida hutupiwa wafugaji wa miaka ya karibuni, lakini aliyeanza kuisogeza mbegu ni mwenyewe mwasisi. Kufikia miaka ya 1920 aliona mbwa wake wanazidi kuwa warefu kwenda juu, wa mraba, wazito. Mwaka 1925 akampa ubingwa mbwa aitwaye Klodo vom Boxberg, ambaye alikuwa mfupi kidogo kwa kimo na mrefu zaidi kwa kiwiliwili. Bingwa akishatajwa, kila mwenye jike anamtaka yeye. Watoto wa Klodo wakatapakaa, na umbo likahama pamoja nao. Von Stephanitz alifariki 1936, na waliomfuata wakaendelea kuchagua, kila mmoja kwa jicho lake.

Sasa kwa nini walichagua mteremko? Si kwa upumbavu, ndilo jambo ambalo wanaowacheka hawalielewi. Mchunga kondoo wa Kijerumani hakuwa mbwa wa kukimbiza na kurudisha. Kazi yake ilikuwa kuwa ua linalotembea: kondoo wanalishwa kwenye ukanda wa majani kati ya mashamba ya watu, na mbwa anakwenda na kurudi pembeni kutwa nzima wasiingie kwenye ngano ya jirani. Mwendo wake ni ule wa mchapuko, mguu wa mbele kushoto na wa nyuma kulia kwa pamoja, saa baada ya saa. Mbwa mwenye paja refu na goti la nyuma lililokunjika vizuri anapiga hatua ndefu zaidi kwa jasho dogo. Waamuzi kwenye maonesho walipenda hatua hiyo ndefu. Mwaka huu wakampa zawadi mwenye goti lililokunjika kidogo, mwaka ujao aliyekunjika kidogo zaidi. Kondoo walishaondoka zamani, jicho la mwamuzi likabaki. Ukikunja goti la nyuma sana, nyuma ya mbwa inashuka, hakuna njia nyingine. Ni kama meza uliyoikata miguu miwili.

Hapa Mwalimu, ambaye alifundisha hisabati, alinikatiza: "Basi hakuna kanuni? Hawana vipimo?"

Wanavyo. Nilimwomba mke wake futi ya cherehani. Dume anatakiwa awe na kimo cha sentimita 60 hadi 65 kwenye kilele cha mabega, na kiwiliwili kizidi kimo kwa asilimia 10 hadi 17 hivi. Mjukuu akamshika Bosi kichwa, mimi nikapima. Kimo: 63. Kutoka kidari hadi mfupa wa takoni: 72. Mwalimu akapiga hesabu kichwani kabla sijatoa simu: asilimia 14 na kitu. Ndani ya kanuni, katikati kabisa. Ukimpima Bosi kwa futi, hana kosa hata moja.

Alichukia zaidi kuliko kama ningemwambia mbwa ni chotara. Namwelewa. Kanuni inasema mgongo uteremke kidogo, na hilo "kidogo" halipimwi kwa futi ya fundi cherehani. Ndani ya neno hilo moja mbegu imehama kutoka Horand hadi Bosi bila mtu kuvunja sheria yoyote.

Kisha kuna suala la picha, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Picha ambazo muuzaji alituma za baba yake Bosi zilikuwa za mbwa aliyepangwa: mguu mmoja wa nyuma umevutwa nyuma sana, mwingine uko chini ya tumbo, mshikaji ananyanyua kamba shingoni. Hiyo ndiyo desturi ya kuwaonesha jemani, na kwa hiyo mteremko unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Nilimsimamisha Bosi miguu minne sawasawa kama ng'ombe anayesubiri sindano, na mteremko ukapungua karibu nusu. Ukabaki, lakini ukapungua. Mlinzi akasema, "Kumbe amesimama kweli."

Si jemani peke yake aliyepitia hili. Kabla ya karne ya 19 kuisha, mbwa wengi wa Ulaya waliitwa kwa kazi zao, kama sisi tunavyosema mbwa wa nguruwe, mbwa wa kulinda. Yakaja maonesho. Yale ya kwanza yanayokumbukwa yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwaka 1859, na 1873 ikaanzishwa Kennel Club mjini London ya kutunza madaftari ya koo. Tangu hapo mtu anaweza kupata kikombe kwa sura tu. Buldogi alikuwa mbwa wa kumng'ata fahali uwanjani; mchezo huo ulipigwa marufuku na sheria ya 1835, mbwa akakosa kazi, na aliyebaki amefupishwa pua na kupanuliwa kichwa mpaka wengi wao hawazai ila kwa kupasuliwa. Mchoraji William Hogarth alijichora mwaka 1745 na mbwa wake aina ya pagi. Mbwa yule ana pua na miguu ambayo pagi wa leo hana. Mbwa wa aina ya Saint Bernard wana mafuvu yaliyohifadhiwa Uswisi, na watafiti wawili walipopima 47 ya tangu zaidi ya miaka mia moja nyuma waliona kichwa kikipanuka na paji likizidi kusimama juu ya pua, polepole, kizazi hadi kizazi, kikifuata maneno ya kanuni za mbegu. Hao wa pua fupi hapa Mtwara nisingemshauri mtu. Mbwa anapoza mwili kwa kuhema, na joto letu la Novemba kabla mvua hazijakolea linamshinda hata mwenye pua ndefu kama Bosi, ambaye siku ile alikuwa ameshajitupa kwenye sakafu ya uani ulimi nje.

Kwa hiyo dai la kwanza la Mwalimu lilianguka. Barua ya kusema Bosi si mbegu halisi sikuiandika. Mbegu halisi ndiyo imekuwa hivi, walau kwa ukoo wa maonesho. Maana kuna jambo lingine ambalo muuzaji hakumwambia na Mwalimu hakujua kuuliza: jemani wa leo wana koo zaidi ya moja. Kuna ukoo wa maonesho, wekundu na weusi mgongoni, wenye mteremko. Kuna ukoo wa kazi, wale wa polisi na jeshi, ambao migongo yao imenyooka zaidi na wanafanana na Horand kuliko binamu zao. Wote vyeti vyao ni halali, wote ni jemani. Mtu wa shamba la mikorosho alihitaji wa pili, akanunua wa kwanza kwa sababu ndiye mzuri kwenye simu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, alisema mke wa Mwalimu kutoka jikoni, na mumewe akajifanya hajasikia.

Lakini bado kulikuwa na ile tetemeko kwenye kirikuu. Mteremko peke yake haumzuii mbwa wa miezi 14 kuruka bodi la chini vile, na watu huchanganya mambo haya mawili: mgongo ulioshuka na nyonga mbovu. Mbwa anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Nilimlaza Bosi ubavu kwenye mkeka. Paja la nyuma lilikuwa jembamba ukilinganisha na kifua, dalili kwamba muda mrefu uzito wake ameuhamishia mbele. Nilipounyoosha mguu wa nyuma kulia alinigeuzia kichwa, hakung'ata, aliweka tu meno juu ya mkono wangu kwa adabu. Nilipousogeza nje huku nikibonyeza, nilisikia kwa kidole kitu kikigonga ndani, kama kifuniko cha sufuria kisichokaa sawa. Kichwa cha mfupa wa paja hakishiki vizuri kwenye kikombe chake. Kushoto nako, kwa mbali.

Ugonjwa huu wa nyonga jemani wanajulikana nao. Unarithiwa, na ndiyo sababu Marekani tangu 1966 wana taasisi maalumu ya kusoma eksirei za nyonga za mbwa kabla hawajazalishwa. Kwenye bahasha ya Bosi kulikuwa na majina ya babu wanne na bibi wanne wa wazazi wake, na medali zao. Karatasi ya nyonga ya baba au ya mama haikuwemo.

Ningeishia hapo kesi ingekuwa nyepesi, muuzaji ana hatia, tumalize. Nikauliza mbwa anakula nini. Mwalimu akajivuna kidogo: ugali wa dona, dagaa, mara tatu kwa siku mpaka ashibe mwenyewe, na tangu alipofika, kijiko kikubwa cha unga wa mifupa wa kuku wa mayai, "ili awe imara". Miezi kumi na zaidi. Nikashusha pumzi. Mtoto wa mbwa mkubwa akilishwa kupita kiasi anakua haraka kuliko viungo vyake vinavyoweza kubeba, na kalisiamu ya ziada haimsaidii, inamharibu. Kama amerithi nyonga legevu, uzito huo ndio unaoikamilisha. Tena analala na kucheza kwenye vigae vya sebuleni vinavyoteleza. Mwalimu alikaa kimya muda mrefu kuliko kwenye habari za Boma.

Tukampigia muuzaji, sauti ya wazi, simu juu ya kigoda. Kijana mwenye heshima zake, "shikamoo mzee wangu" kila sentensi ya pili. Alianza juu: mbwa ana vyeti, baba yake bingwa, hakuna aliyewahi kulalamika. Nikamwambia hatubishani kuhusu vyeti, mbwa ni jemani na nimempima. Akatulia, nadhani alijiandaa kwa vita nyingine. Nikamuuliza kama baba na mama walipigwa eksirei ya nyonga. Kimya. Nikauliza kama aliambiwa mbwa ni wa kazi gani. Akasema ndiyo, kulinda shamba. Na alijua huu ni ukoo wa maonesho? Alijua. "Lakini mzee mwenyewe alitaka mrembo, dokta. Nilimtumia picha za aina mbili. Alichagua huyu."

Wote tukamgeukia Mwalimu. Akakohoa.

Kweli alitumiwa picha mbili. Nyingine ilikuwa ya jike la kijivu lililonyooka mgongo, na Mwalimu alimwambia mwanawe lile linafanana na mbwa koko.

Nilichoandika mwishoni hakikumpendeza yeyote kikamilifu. Nilisema mbwa ni wa mbegu aliyouzwa. Ana dalili za ugonjwa wa nyonga zinazohitaji kuthibitishwa kwa eksirei. Muuzaji aliuza mnyama wa ukoo wenye ugonjwa unaojulikana bila kupima wazazi, na kwa kazi aliyojua hatoiweza. Mnunuzi amechangia kwa chakula. Walizungumza wenyewe baadaye. Muuzaji alirudisha laki tatu na kumtaka mbwa arudi Dar es Salaam abadilishiwe. Laki tatu Mwalimu alizipokea. Mbwa hakumrudisha, kwa sababu ambazo hakunieleza, ila mjukuu alikuwa amelala na kichwa juu ya tumbo la Bosi wakati wanazungumza.

Tukampunguza chakula, tukaacha unga wa mifupa, tukatandika mikeka kwenye vigae, nikampa dawa ya maumivu kwa wiki chache na matembezi mafupi ya alfajiri kwenye mchanga wa Shangani, mahali laini, mguu usipigwe. Alipungua kilo nne. Shamba linalindwa na yule mwekundu wa mlinzi pamoja na dada yake, ambao hakuna aliyewachagulia sura: aliyeweza kuruka, kula kidogo na kuona nyoka mapema ndiye aliyebaki kuzaa. Ngedere wanawaogopa. Bosi analinda geti, na kwa sauti aliyonayo inatosha.

Nilipita Januari. Mtu wa Chikongola alikuwa barazani, amekuja na ombi: ana jike la jemani, anataka Bosi ampande, atatoa kitoto kimoja. Mwalimu alinitazama. Nikasema apigwe eksirei kwanza. Yule bwana akasema mbona vyeti anavyo, ameviona mwenyewe, vizazi vitatu. Mwalimu aliinuka, akaingia ndani, nikadhani anaileta bahasha. Akarudi na futi ya cherehani, akampa yule bwana, akamwambia ampime mbwa.

Kwenye uani kirikuu kilikuwa kimeegeshwa na ubao wa mnazi umeegemezwa nyuma, umepigiliwa vipande vya mpira wa tairi visiteleze. Mjukuu alipiga mluzi, na Bosi akapanda taratibu, kidole kwa kidole, akafika juu akageuka kututazama. Alikuwa amesimama.